Jua la Novemba halisubiri mtu: napanga kipande cha Shenandoah

Katikati ya Novemba huku Virginia jua linachomoza saa moja kasoro asubuhi, na saa kumi na moja kasoro jioni limeshazama, halina habari na wewe. Masaa kumi ya mwanga basi, na hapo ni kama mawingu hayajashuka. Kwa mtu aliyekulia Tanga kama mimi, ambako jua mwaka mzima linazama mitaa ya saa kumi na mbili, hii kitu mwili hauizoei hata ukae Marekani miaka mingapi, kichwani unajua kabisa ila ukiwa njiani miguu inajipa muda ambao haupo. Ndo maana safari ya miguu ya Shenandoah ninayoipanga sasa hivi nimeianza na jedwali la jua, ramani nikaja kuifungua baadaye.

Kwa asiyejua, kuna njia ya miguu inaitwa Appalachian Trail, kama maili 2,190 hivi, yaani kilomita 3,500 na ushee, inatoka Springer Mountain jimbo la Georgia inakwenda mpaka mlima Katahdin kule Maine, inakatiza majimbo 14. Wazo alilitoa jamaa anaitwa Benton MacKaye mwaka 1921 na njia ikakamilika 1937. Kila mwaka kuna watu wanaacha kazi wanaipiga yote kwa mpigo mmoja, miezi mitano, sita, wanarudi wamekonda na ndevu mpaka kifuani. Sisi wenye kodi ya nyumba na likizo za kuomba tunaila kwa vipande, leo hapa, mwakani pale. Virginia peke yake ina robo nzima ya njia, maili 550 hivi, kwa hiyo ukiishi huku una kazi ya kutosha kabla hujafikiria jimbo lingine. Mimi nilishatoka Harpers Ferry nikashuka mpaka Front Royal, pamoja na ule mkanda ambao Wamarekani wenyewe wanauita Roller Coaster, panda shuka panda shuka maili 13 na nusu hivi, ukifika kilele huoni kitu cha maana unashuka tena. Kinachofuata ni hifadhi ya Shenandoah, na hiki nataka kukitembea kutoka kusini kwenda kaskazini, Rockfish Gap mpaka Front Royal, maili 107 kwa hesabu yangu. Kilomita 170 na kitu. Ni kama umetoka Dar kwa miguu unaitafuta Morogoro na Chalinze umeshaiacha nyuma.

Watu wananiuliza kwa nini Novemba, si uende Oktoba majani yakiwa mekundu upige picha. Oktoba kule kuna foleni ya magari bana. Skyline Drive, ile barabara inayopita juu ya mgongo wa milima maili 105 kaskazini kusini, wikendi za Oktoba inajaa mpaka unasikia harufu ya breki. Novemba wameondoka wote, na majani yakishaanguka unaona mbali, bonde la Shenandoah upande mmoja na vilima vya Piedmont upande mwingine, wakati kiangazi unatembea ndani ya handaki la majani siku nzima. Halafu kuna vitu vinavyojitokeza vichaka vikishakauka, kuta za mawe, misingi ya nyumba, chimni imesimama peke yake katikati ya miti, miti ya matofaa iliyopandwa na mtu. Hifadhi hii ilipoanzishwa 1935 milima haikuwa mitupu, kulikuwa na mamia ya familia za wakulima, na jimbo la Virginia lilichukua ardhi kwa sheria, wengine wakalipwa wakaondoka, wengine wakatolewa kwa nguvu. Mtanzania ukisoma hiyo habari huwezi kuipita hivi hivi, ukikumbuka Wamasai walivyotolewa Serengeti 1959. Kwa hiyo mi huwa nikikuta chimni nasimama kidogo, siingii ndani kuchezea mawe ya watu.

Sasa turudi kwenye hesabu. Shenandoah kuna vibanda vya kulala njiani, vya mawe na magogo, ukuta pande tatu na upande wa nne uko wazi, ndani jukwaa la mbao mnalala kwa kupangana. Kutoka Rockfish Gap cha kwanza ni Calf Mountain, maili 7 na kitu. Kisha Blackrock, maili 13. Pinefield, 13 tena. Hightop, 8. Bearfence, 12 na kidogo. Rock Spring, 11 na nusu. Baada ya hapo Byrds Nest, Pass Mountain, Gravel Springs, na cha mwisho Tom Floyd kiko nje kidogo ya hifadhi, karibu kabisa na Front Royal.

Mwezi wa sita maili 13 ni kitu cha kuchezea, unaamka unapotaka, unalala mchana chini ya mti, saa mbili usiku bado unaona njia. Novemba nazigawa hivi: na mzigo mgongoni, pamoja na kusimama kunywa maji na kufunga kamba za viatu, naenda maili mbili kwa saa. Maili 13 ni masaa sita na nusu, tuseme saba. Kufunga mzigo na chai asubuhi kwenye baridi inakula saa nzima na zaidi, vidole havitii amri, kwa hiyo naanza kutembea saa mbili asubuhi, nafika saa tisa alasiri, nabaki na masaa mawili ya mwanga ya kuteka maji, kupika, kutundika chakula. Hapo inatosha, ila kwa shida. Na majani yaliyoanguka yanakula mwendo kuliko mlima wenyewe, mtu anaweza asiamini. Majani ya mialoni yanalala njiani unene wa kiganja, chini yake mawe, unakanyaga bila kujua kama ni jiwe, shimo au mzizi, na yakilowa yanateleza kama sabuni. Njia yenyewe inapotea pia, maana sakafu yote ya msitu inafanana, unabaki unafuata alama nyeupe kwenye miti, mstari wa inchi 2 kwa 6. Mchana unaziona vizuri, usiku na taa ya kichwani kwenye ukungu taa inakurudishia mwanga usoni. Ndo maana siku ya Calf Mountain mpaka Blackrock na ile ya Blackrock mpaka Pinefield nimeziwekea sheria, saa mbili na robo ikinikuta bado kibandani nimeshachelewa.

Usiku nao una hesabu yake. Masaa 14. Hili halipo kwenye orodha za vifaa, ila nadhani ndilo linalorudisha watu wengi nyumbani kabla ya baridi haijawarudisha. Umeshakula saa kumi na moja jioni, giza limeingia, unaingia kwenye slipingibegi, yaani mfuko wa kulalia, unalala, unaamka umeshiba usingizi, unaangalia saa, ni saa nne usiku. Bado masaa tisa! Simu haikusaidii sana kwa sababu baridi inanyonya betri, kwa hiyo pawabenki na simu vinalala na mimi ndani ya begi. Nimepakua hotuba na tamthilia za redio za zamani za kusikiliza kwa sikio moja, sikio la pili liko nje linasikiliza panya, maana vibanda vile vina panya wasioogopa mtu.

Chakula kinatundikwa kwa sababu ya dubu, hilo halina mjadala, na Novemba bado wako macho wanatafuta mafuta ya kuingilia msimu wa baridi. Kwenye vibanda kuna nguzo ndefu ya chuma, juu ina matawi ya ndoano kama mti uliokatwa majani, na pembeni kuna fimbo nyingine ndefu ya chuma yenye uma mwishoni. Unapachika kamba ya mfuko kwenye uma, unainua fimbo juu ya kichwa, mkono unatetemeka, mfuko wa kilo tano ukiwa kule juu kabisa unakuwa kama una kilo ishirini, unatafuta ndoano kwa kubahatisha. Sasa fanya hivyo gizani na glovu mkononi. Kwa hiyo hata hili limeingia kwenye ratiba ya jua, chakula cha usiku kimeliwa na mfuko uko juu kabla taa haijawashwa.

Kuhusu baridi yenyewe, ndugu zangu wa nyumbani wakisikia kilele cha juu cha hifadhi nzima, Hawksbill, ni mita 1,235 wanacheka, hiyo ni chini ya Lushoto mjini. Kweli. Lakini Lushoto haiko kwenye latitudo ya 38, na usiku wa Novemba kule juu maji kuganda ni jambo la kawaida, juu mlimani kuko baridi kuliko bondeni, na upepo unapita pale mgongoni bila kizuizi. Slipingibegi langu limeandikwa digrii 20 za Fahrenheit, karibu -7 za Selsiasi, na usidanganyike na namba kubwa inayoandikwa juu ya begi, mara nyingi hiyo ni namba ya kufika asubuhi ukiwa hai umejikunja, ya kulala kwa raha iko juu yake. Kwa hiyo naongeza godoro la fomu chini ya lile la kujaza upepo, ardhi ndo inayokuibia joto. Pamba nyumbani, fulana ya pamba ikilowa jasho haikauki tena mpaka unarudi. Nguo kavu ya kulalia haivaliwi kutembelea hata mvua inyeshe vipi, asubuhi unavaa ile ile ya jana iliyolowa, unapiga kelele kidogo, unaanza kutembea.

Gesi niliijaribu juzi kwenye baraza alfajiri, nje kulikuwa na baridi ya kuganda. Niliweka sufuria ya maji nusu lita kwenye jiko dogo la gesi, lenye mtungi wa bei rahisi uliokaa nje usiku mzima. Mwanzoni moto ulitoka vizuri wa bluu, baada ya dakika kadhaa ukaanza kusinyaa, ukawa kama wa mshumaa, mtungi umeota jalidi chini na ukiutikisa unasikia gesi bado imo. Sababu ni butani. Butani ya kawaida inageuka mvuke kwenye kama -0.5, chini ya hapo inakaa kimiminika chini ya mtungi inakuangalia. Isobutani inakwenda mpaka karibu -12, na propani mpaka -42. Kwa hiyo unaposoma mtungi dukani tafuta ulioandikwa isobutani na propani, achana na ule wa butani tupu wa jiko la mezani. Nikausimamisha ule mtungi kwenye bakuli la maji ya uvuguvugu, moto ukarudi hapo hapo. Njiani nitalala nao. Filta ya maji vile vile, zile zenye nyuzinyuzi ndani, zikiganda zikiwa na maji nyuzi zinapasuka na kwa nje huoni chochote, unaendelea kunywa ukidhani yamechujwa. Ukihesabu, slipingibegini nitakuwa na simu, pawabenki, mtungi, filta na soksi za kesho. Mke kabaki nyumbani, nafasi ipo.

Chakula nimekipanga kwa uzito na kwa mafuta, gramu moja ya mafuta ina kalori 9 na ya wanga 4, basi karanga, siagi ya karanga, tende, chokoleti. Asubuhi uji wa ulezi na maziwa ya unga. Usiku maharage niliyoyapika na nazi nikayakausha kwenye oveni mpaka yakawa kama changarawe, yanarudi vizuri kwenye maji ya moto, na kuskus kwa sababu haihitaji kuchemka. Ugali nimeuacha ingawa moyo unauma, unamaliza gesi na nani atakosha ile sufuria kwenye baridi. Dagaa pia nimewaacha. Nawapenda, ila harufu ile unaweza kuitia dubu kutoka West Virginia.

Na hapa ndo Novemba inapobana, njiani hakuna pa kununua. Kiangazi Shenandoah watu wanaisema ni ya kitajiri, kila siku mbili unakuta mgahawa pembeni ya barabara, unakula baga na milkshake ya blackberry. Ila migahawa na kambi zinafungwa moja moja kadri msimu unavyokwisha, nyingine mapema Novemba, nyingine baadaye kidogo, na tarehe zinabadilika kila mwaka, kwa hiyo angalia tovuti ya hifadhi wiki hiyo hiyo unayokwenda, usitegemee simulizi ya mtu wa mwaka jana. Mabomba ya nje nayo yanafungwa yasipasuke kwa barafu. Mimi nahesabu kwamba kila kitu kimefungwa, nikikuta kambi ya Big Meadows wanauza kahawa itakuwa bahati.

Kuna sehemu moja nataka kufika na mwanga, si kwa ajili ya chakula. Karibu na kibanda cha Bearfence njia inapita Lewis Mountain. Hii kambi ilifunguliwa 1939 kama sehemu ya watu weusi peke yao, hifadhi ilikuwa imetenganishwa kwa rangi, na utengano ule ulikwisha kabisa kufikia 1950. Leo ni kambi ndogo ya kawaida tu, vijumba na meza za pikniki, wengi wanapita wakitafuta choo. Nimeipangia nusu saa ya kukaa tu, kwenye ratiba ambayo dakika kumi nazigombania.

Barabara sasa. Njia inakatiza Skyline Drive mara 28, na mtu akiangalia ramani anajisemea nikichoka nasimamisha gari. Mwezi wa saba sawa. Kuanzia katikati ya Novemba mpaka mwanzo wa Januari, msimu wa kuwinda paa, sehemu kubwa ya barabara hiyo inafungwa kuanzia saa kumi na moja jioni mpaka saa mbili asubuhi ili kuzuia majangili, na barafu ikianguka inafungwa moja kwa moja mpaka watakapoona inafaa. Unaweza kukaa mita hamsini kutoka kwenye lami usiku kucha na gari lisipite hata moja. Njia za kutokea za kweli ni zile barabara kuu zinazokatiza mlima: ya 33 pale Swift Run Gap, kama maili 45 kutoka nilipoanzia, na ya 211 pale Thornton Gap, 34 nyingine mbele yake, kisha zinabaki 28 za kumalizia. Kwa hiyo kichwani safari ni vipande vitatu, na uamuzi wa kuendelea unafanyika mara mbili tu, pale mlimani kwenye hizo barabara, mchana, nikiwa nimeangalia hali ya hewa. Ndani ya hifadhi kuwinda hakuruhusiwi, ila hifadhi yenyewe ni nyembamba na kule mwisho njia inatoka nje kabisa, basi nimenunua kizibao cha rangi ya chungwa na kava la begi la rangi hiyo hiyo. Naonekana kama fundi wa barabara, potelea mbali.

Usafiri umenipa raha kuliko vyote. Kuna basi la Virginia Breeze, linatoka Blacksburg linapita Staunton, Harrisonburg na Front Royal mpaka Washington. Naenda nalo Harrisonburg, ambako kuna Wakongomani wengi waliokuja kama wakimbizi, mtaani na sokoni unasikia Kiswahili cha Kivu kabisa, na mzee mmoja wa huko aliyenikaribisha kwake mara nyingi atanipeleka Rockfish Gap. Nilipompigia kumweleza alinyamaza kwanza.

"Front Royal? Na si kuko gari?"

"Papa, nataka kutembea."

"Mu pori? Peke yako? Usiku?"

"Ndiyo Papa, kuna vibanda, na nimeshachukua permiti." Maana siku hizi kulala porini Shenandoah lazima kibali, unakata mtandaoni kwenye recreation.gov.

Akacheka mpaka akakohoa. "Miye nililala mu pori, mutoto yangu, hakuna mutu aliniuliza permi." Nikakosa la kusema. Akaendelea mwenyewe, sauti imeshuka kidogo, "Kamata kuni mbele jua iingie. Kisha jua iingie, usitembee tena. Sikia?" Nikamwambia nimesikia Papa. Moto wenyewe unaruhusiwa kwenye meko ya vibandani tu, na kukiwa na ukame wanaweza kuupiga marufuku kabisa, majani yote yale makavu, lakini hilo sikumwambia.

Tumekubaliana hivi. Barabara ya 33 inatoka Harrisonburg moja kwa moja mpaka Swift Run Gap, kwa gari si mbali. Asubuhi nitakayotoka kibanda cha Hightop, nikifika barabarani, nitamtumia meseji ya neno moja tu, endelea au njoo, kabla ya saa nne asubuhi ili akija aje na mwanga. Utabiri ukionyesha barafu kwenye siku tatu zinazofuata, neno ni njoo, nalala kwake, nakula sombe, kisamvu cha Kikongo, na samaki, na maili 62 za kaskazini nazirudia Aprili. Ukionyesha baridi kavu, naendelea. Mvua ya digrii mbili tatu ndo sijaamua, hiyo ni mbaya kuliko theluji, inakulowesha mpaka mfupa na haikupi sababu ya kusimama, nadhani nayo nitaiweka upande wa njoo. Vibanda nimeshavipanga kwenye kibali, begi limepimwa likiwa na maji lita mbili, bado glovu za mvua, nimejaribu pea kadhaa na zote vidole vinaganda.